Mke Aliyerudishwa Mpakani

Jumapili ya Familia Takatifu, Mwaka A
Injili: Mathayo 2:13-15, 19-23

Wapendwa taifa la Mungu, nanyi nyote mnaotusikiliza asubuhi hii majumbani mwenu, Injili ya leo imetuonyesha familia iliyo safarini. Yosefu anaamshwa usiku, anamchukua Mtoto pamoja na mama yake, anavuka mpaka wa nchi yake na kuingia Misri. Anakaa huko hata Herode amekufa. Anaporudi anasikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi mahali pa baba yake. Anaogopa kuipita njia hiyo, anageukia pande za Galilaya, na kufanya maskani yake Nazareti. Habari hii tumeizoea mno, hata tunaitazama kama picha ya Noeli iliyotundikwa ukutani. Leo nawaomba tuisikilize kwa masikio ya kijana mmoja wa Ushongo, ambaye mke wake alirudishwa mpakani.

Kijana huyo sitamtaja jina, wala nchi ya mkewe. Ushongo ni kijiji cha wavuvi, kusini mwa Mto Pangani, na wasiokijua kwa samaki wake wanakijua siku hizi kwa nyumba za wageni zilizo ufukoni. Huko ndiko kijana alikojifunza upishi, kisha akaenda Mombasa kutafuta kazi. Mombasa akakutana na binti wa nchi moja ya Afrika Magharibi, Mkatoliki, aliyekuwa akifanya kazi katika mji huo, na baada ya muda wakaamua kufunga ndoa kanisani huko huko.

Mimi ndiye niliyemwandalia karatasi zake. Nilimtolea cheti kipya cha ubatizo, katekista akaitangaza ndoa Jumapili tatu, nikaandika barua kwamba yu huru kuoa, nikapiga muhuri, nikawatakia heri. Kwa upande wa sheria za Kanisa hapakukosekana kitu. Lakini, ndugu zangu, kuna swali moja dogo ambalo sikuliuliza: Mtaishi wapi, na bibi arusi ataingiaje nchini? Nakiri mbele yenu kwamba halikunijia kabisa.

Baada ya arusi wakapanda basi kuja nyumbani. Mama wa kijana alikuwa amekwisha paka chokaa chumba chao, amenunua mkeka mpya, na majirani, Wakristo na Waislamu, wamekaribishwa kumpokea mkwe. Walipofika mpakani, afisa uhamiaji akaitazama pasipoti ya yule binti na kuwaeleza kwa upole kwamba raia wa nchi yake hawapewi visa pale pale mpakani. Wapo wageni wengi wanaopewa, ndiyo sababu maarifa walikuwa wamewaambia hakuna shida. Lakini kwa mataifa kadhaa ni lazima ombi lipelekwe kwanza kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, na kibali kipatikane kabla ya safari. Yeye hakuwa nacho. Cheti cha ndoa kilikuwa mkononi, wino wake bado mbichi, lakini cheti cha ndoa si visa. Akarudi Mombasa peke yake kwa basi la jioni. Mume akaendelea hadi Ushongo kumweleza mama yake.

Maneno ya watu mnayajua. Siku ya tatu wengine walikuwa wakiulizana kisimani: kama ameoa kweli, mbona mke amerudishwa? Yule mama aliacha kwenda kisimani.

Juma la pili kijana akanijia. Alikuwa amepata mtu, nahodha wa mashua. Mke ashuke hadi Vanga, upande wa Kenya. Wapakie usiku, na kwa upepo mzuri washuke ufukoni kwetu kabla ya mapambazuko. Bahari haina geti, Padre, akaniambia. Nikamwambia, mwanangu, hilo halifai. Akanitazama, akaniuliza: Padre, mbona Yosefu alisafiri usiku?

Sikuwa na jibu la haraka. Na kwa kweli sikumwambia kwamba mpaka ule ni kitu kitakatifu. Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mstari ule mwaka 1886, na Wadigo wakajikuta wako pande zote mbili. Wazee wa pwani hii walikuwa wakienda Vanga na Pemba kuoa kama vile sisi tunavyokwenda Muheza. Kwa hiyo kijana wa Ushongo anapofikiria kumleta mke kwa mashua, moyoni mwake haoni kwamba anavunja sheria; anaona kwamba anafanya walivyofanya babu zake. Katekista anayetaka kumshauri lazima aanze kwa kulielewa hilo, la sivyo atasikilizwa kwa heshima na kupuuzwa.

Hata hivyo swali lake lilikuwa na jibu, nami nililipata baadaye, nikiisoma tena Injili hii ya leo. Yosefu alikimbia usiku kwa sababu upanga ulikuwa njiani. Mtu anayekimbiza uhai wa mtoto wake hangoji muhuri, na sheria za mataifa zenyewe zinalijua jambo hilo: upo Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, na nchi yetu inayo Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Lakini yule binti hakuwa anakimbia upanga. Alikuwa Mombasa, ana kazi, ana chumba, anaishi kwa vibali halali. Na Yosefu huyu huyu aliyesafiri usiku ndiye, katika Injili ya Luka, aliyemchukua mke mjamzito hadi Bethlehemu ili waandikishwe kwa amri ya mfalme wa kigeni. Alijua tofauti ya safari hizo mbili. Na alipoiona njia ya Uyahudi imefungwa, hakuacha kurudi nyumbani. Alitafuta njia nyingine.

Nikamwambia basi yule kijana: Ukimleta kwa mashua, unamtoa Mombasa alikokuwa huru, unamfanya mfungwa wa chumba kile kilichopakwa chokaa. Akiugua, ataogopa hospitali. Akijifungua, mtaogopa kumwandikisha mtoto. Jirani mkigombana naye juu ya mbuzi, atakuwa na neno la kwenda kusema polisi. Akikamatwa na kufukuzwa nchini, basi Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 inamweka katika kundi la wahamiaji waliopigwa marufuku, na milango ambayo leo imerudishwa tu, siku hiyo itakuwa imefungwa kwa komeo. Nawe uliyemficha una kosa lako, na nahodha lake. Ukanda huu wa Tanga umekwisha ona vijana wengi wa Ethiopia wakisafirishwa kwa siri kuelekea kusini; tunajua safari za namna hiyo humalizikia wapi.

Sasa, njia nyingine ni ipi? Niruhusuni nieleze kwa kirefu kidogo, kwa kuwa makatekista wananiuliza, na si wote walio na wakili karibu.

Jambo la kwanza ni kujua kwa nini mtu amerudishwa. Aliyekosa visa si sawa na aliyedanganya, wala si sawa na aliyewahi kufukuzwa nchini. Mgeni aombe kwa heshima aelezwe sababu, na akipewa karatasi aitunze. Aliyekosa visa tu anaweza kuomba akiwa nje ya nchi, ama katika ubalozi wetu, ama kwa njia ya mtandao, ambayo Idara ya Uhamiaji imeitumia tangu mwaka 2018. Na aombe kwa ukweli: kama anakuja kuishi na mumewe, asijiandike mtalii. Aambatanishe cheti cha ndoa, nakala ya pasipoti au kitambulisho cha taifa cha mumewe, na barua ya mume ya kumkaribisha. Akiulizwa kama amewahi kurudishwa mpakani, ajibu ndiyo. Kurudishwa si dhambi. Kuficha ndiko kunakomgeuza mtu mwaminifu kuwa mshukiwa.

Jambo la pili, visa ya kawaida haizidi siku 90, wala haimpi mtu haki ya kukaa moja kwa moja au kufanya kazi. Akiisha kuingia, aende mapema ofisi ya uhamiaji ya mkoa aelekezwe kibali kinachomfaa kama mwenzi wa raia, asingoje siku ya themanini na tisa. Anayeoa Mkenya au Mganda hana tatizo la visa, maana sisi ni wa Jumuiya moja, lakini naye akitaka kukaa anahitaji kibali. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

Na wale mabinti zetu wanaoolewa Ulaya, neno moja tu. Uingereza, kwa mfano, hairuhusu mtu aingie kwa visa ya matembezi kisha aibadilishe kuwa visa ya mke akiwa huko huko. Ni lazima aombe akiwa nyumbani, na mume aonyeshe kipato, ambacho tangu Aprili 2024 ni pauni 29,000 kwa mwaka. Anayejaribu njia ya mkato kwa uongo anaweza kuzuiwa kwa miaka 10. Kipato hicho ni mzigo mzito kwa mtu wa kawaida, na sioni haki katika kuipima ndoa kwa pauni. Lakini ni afadhali kuijua kanuni kabla ya kununua tiketi.

Kanisa linasema nini? Papa Pius wa Kumi na Mbili, katika waraka wake wa mwaka 1952 juu ya wahamiaji, aliiweka Familia ya Nazareti iliyohamia Misri kuwa mfano na kinga ya kila familia iliyo ugenini. Hati ya Haki za Familia, iliyotolewa na Vatikano mwaka 1983, inadai kwamba familia za wahamiaji ziunganishwe mapema iwezekanavyo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1151, inawapa mume na mke wajibu na haki ya kuishi pamoja. Kuishi pamoja basi si upendeleo anaoombwa afisa. Ni haki, na serikali inayolinda mipaka yake, kama ilivyo haki yake kuilinda, ina deni la kufungua mlango unaopitika kwa wenye ndoa. Mlango ukiwa mwembamba mno au mrefu mno, watu watatazama bahari.

Yule kijana aliondoka kwangu bila kuniahidi kitu. Siku mbili baadaye alirudi na pasipoti yake na cheti, tukakaa na mwalimu mmoja mwenye kompyuta, tukajaza ombi hadi usiku. Kibali kilichukua muda kuliko tulivyotazamia, na yapo majuma ambayo sikupenda kukutana na mama yake barabarani. Lakini kilitoka. Mkwe aliingia mchana, kwa basi, akavuka Mto Pangani pamoja na watu wengine na vikapu vyao, na nimesikia kwamba chokaa ilipakwa mara ya pili.

Ninyi makatekista, tangu siku ile nimeongeza swali katika mahojiano ya uchumba, nami nawaomba mliandike katika madaftari yenu: Mchumba ni raia wa wapi, na mtaishi wapi? Ulizeni mapema, kabla ya tangazo la kwanza.

Nilipokuwa nikiandaa maneno haya alinijia mama mmoja kijana, naye ni wa pwani hiyo hiyo. Mumewe ni mgeni. Kila siku zake zinapokaribia kwisha wanaanza tena kuhangaikia karatasi, na watoto wameshajifunza kuhesabu siku hizo. Akaniambia: Baba, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mke mgeni wa kaka yangu haki ya kuomba uraia wakati wowote kaka akiwa hai. Mume wangu haina mlango huo kwa ajili yake. Yeye ni mgeni kama mgeni yeyote. Wenzetu Wakenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, wamewaweka mume na mke sawa, baada ya miaka 7 ya ndoa. Je, ndoa yangu mimi ni nusu?

Nilimjibu kwamba mbele ya altare hakuna nusu ndoa. Kuhusu sheria, nilimwambia kwamba imetungwa na Bunge na Bunge linaweza kuitazama upya, na kwamba walei wenye taaluma ya sheria katika jimbo letu wangefanya vema kulichukua jambo hili. Aliitikia kwa kichwa, akaaga, akaenda kuwahi kivuko. Najua anatusikiliza asubuhi hii. Mwombeeni yeye, na mumewe, na watoto wao watatu.

Tumsifu Yesu Kristo.