Msanii kwenye Kiti cha Bodi

Mwaka 2010 wapiga kura wa Mbeya Mjini walimpeleka bungeni mwanahiphop, Joseph Mbilinyi, yule Sugu, na 2015 wakamrudisha. Bunge halikuporomoka.

Sasa, kituo cha muziki, picha na video kikianzishwa huku Nyanda za Juu Kusini, nani aketi kwenye bodi? Mazoea yetu tunayajua: mwanasheria, mhasibu, mstaafu mheshimiwa. Msanii huitwa kutumbuiza siku ya uzinduzi, kisha asubiri sahani ya pilau.

Mimi nasema aketi mezani. Mpiga video wa Mwanjelwa, Mbeya, anajua kwamba chumba cha kurekodia chenye bati tupu hakifai masika. Mhasibu atalijua hilo baada ya fundi kulipwa.

Ila msanii huyohuyo ndiye atakayeomba muda wa studio na fedha za mradi. Basi ombi lake likifika kikaoni, atoke nje, na muhtasari uandike kwamba alitoka. Na kiti cha wasanii kisiwe kimoja tu. Msanii mmoja kati ya wakubwa wanane huishia kuitikia tu.