Mfereji wa avenyu yetu hauamuliwi Kinshasa
Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa komini tatu za Kindu

Wandugu na wadada wa Kasuku na Mikelenge, na nyinyi wa Alunguli mulivuka Lualaba kwa mtumbwi ili kufika hapa:

Wengi kati yetu tuko sawa: diplome iko ndani ya bahasha, dosye za kazi tumeweka kila mahali, na simu haiiti. Hiyo tutaiongelea siku yake. Leo nataka tuongelee watu ambao tuliwachagua sisi wenyewe na tukawasahau siku ile ile: washauri wa komini.

Tuanze na mtihani mdogo. Nani anajua jina la Waziri Mkuu? Mikono yote juu. Nani anajua jina la mshauri mmoja tu wa komini yake? Naona mikono mitatu. Na nani anajua baraza la komini yake lilipiga kura ya bajeti siku gani? Hakuna. Basi ugonjwa wetu ni huo. Siasa ya Kinshasa tunaijua mpaka jikoni, lakini mfereji unaojaa uchafu mbele ya mlango wetu hatujui nani anausimamia. Tunasema tu "leta". Leta ni nani? Iko na ofisi wapi? Kwa mambo mengi ya kila siku, ofisi hiyo unaweza kuifikia kwa miguu.

Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema komini inashughulika na nini. Barabara za ndani ya komini. Mifereji ya maji ya mvua. Taa za barabarani. Masoko ya komini. Parkingi. Na ni komini ndiyo inaandika watoto wanaozaliwa na watu wanaofunga ndoa. Muangalie vizuri orodha hiyo. Ni vitu vinavyotugusa tangu asubui mpaka usiku. Mvua ikinyesha na maji yakaingia ndani ya nyumba, swali la kwanza ni la komini.

Kazi inaendaje? Baraza la komini linajadili na kupiga kura. Burgumestri, msaidizi wake na eshevini wawili wanatekeleza. Wao wanatayarisha bajeti, wanaipeleka barazani, washauri wanaijadili na kuipigia kura. Gavana wa jimbo anakagua vitendo vya komini. Kwa hiyo kila jambo kubwa la komini linapaswa kuwa na karatasi nyuma yake: uamuzi, tarehe, sahihi. Na muelewe hili pia: kartie haina baraza wala bajeti yake. Shefu wa kartie na shefu wa avenyu ni watu wa utawala. Hawawezi kuamka asubui na kubuni kodi yao.

Sasa tuseme ukweli juu ya historia. Katiba yetu ni ya 2006. Sheria ya komini ni ya 2008. Lakini uchaguzi wa kwanza wa washauri wa komini chini ya Katiba hiyo ulifanyika tarehe 20 Desemba 2023, tena katika miji mikuu ya majimbo tu. Kindu ni mji mkuu wa Maniema, ndiyo maana sisi tulipiga kura. Ndugu zetu wa Kasongo na Kibombo walibaki kusubiri. Miaka yote ile burgumestri aliteuliwa kutoka juu, na mtu aliyeteuliwa kutoka juu anatoa hesabu kwa wa juu. Mwananchi wa chini alizoea kuambiwa. Tabia hiyo ya kuambiwa bado tuko nayo, hata sisi tuliosoma.

Tuje kwa makuta, maana hapo ndipo mambo yote yanaeleweka. Katiba, kifungu cha 175, inasema jimbo linabaki na 40% ya mapato ya kitaifa yanayopatikana ndani ya jimbo, yakatwe pale pale. Halafu sheria ya 2008 inasema 40% ya fungu hilo la jimbo ni ya miji, komini, sekta na shefferi. Tupige hesabu pamoja. Kwa franka 100, jimbo linapata 40. Kwa hizo 40, miji, komini, sekta na shefferi zote zinagawana 16. Hiyo ni sheria. Katika maisha, kukatwa pale pale hakujawahi kufanyika vile Katiba ilivyoandika. Makuta inapanda Kinshasa kwanza, inarudi kidogo, inachelewa, au hairudi.

Sasa komini ambayo hairudishiwi haki yake itaishi namna gani? Wazee wetu wanasema mbuzi anakula pale alipofungwa. Komini imefungwa karibu na soko. Basi inakula soko. Inakula meza ya mama anayeuza sombe, inakula pikipiki ya kijana wa taksi, inakula kila karatasi unayoomba dirishani. Mwizi wa juu haonekani, lakini mama wa sombe anaonekana kila siku saa mbili asubui, hakimbii, na anaogopa. Ndiyo maana nasema deni la Kinshasa analilipa mama wa soko.

Mimi mwenyewe nilienda siku moja kwenye ofisi moja ya komini, sitaitaja, kuomba karatasi ya makazi kwa ajili ya dosye ya kazi. Wakaniambia bei. Nikasema: sawa, nitalipa, munipe kitansi. Bei ikashuka pale pale. Sikugombana na mtu, sikupiga kelele. Neno moja tu, kitansi, lilifanya kazi hiyo. Siku ile nilijiuliza: kama mtu mmoja akiuliza swali bei inashuka, watu mia tatu wakiuliza swali moja kwa siku moja itakuwa je?

Ndiyo maana nimekuja na pendekezo. Katiba, kifungu cha 27, inampa kila Mukongomani haki ya kuandikia mamlaka ya umma barua ya madai, peke yake au pamoja na wengine. Mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Na kifungu hicho kinasema wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kushitakiwa kwa sababu ya kuandika barua kama hiyo. Tuandike barua tatu, moja kwa kila komini, juu ya jambo moja tu: kodi ya meza sokoni. Maswali manne, basi.

La kwanza: kodi hii inaitwa nani katika orodha ya kodi za majimbo na komini, ile ya sheria-amri namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018? Kama haimo katika orodha, inatoka wapi?

La pili: bei yake iliwekwa na uamuzi gani, wa tarehe gani? Tunaomba kuuona.

La tatu: ni nani ana ruhusa ya kupokea, na kitansi anachotoa kinafanana namna gani? Tunaomba mfano wake ubandikwe sokoni, mahali mama zetu wanaweza kuuona.

La nne: mwaka uliopita soko lilileta kiasi gani, na kiasi gani kilirudi sokoni? Choo kimoja? Bomba la maji? Mtu wa kuondoa takataka? Au hakuna?

Najua kuna wenye watasema: washauri wenyewe hawana nguvu, hawalipwi. Ni kweli, washauri wa komini katika miji mbalimbali wamelalamika hadharani juu ya mishahara yao. Mimi sitawacheka. Lakini mshauri asiye na mshahara na asiye na wananchi nyuma yake ni mtu mpweke mbele ya burgumestri. Akiwa na barua yenye sahihi mia tatu mkononi, anaweza kusimama barazani na kusema: hili si neno langu, ni neno la soko zima. Tunamsaidia afanye kazi yake. Na asipotaka kuifanya, tutajua jina lake kabla ya uchaguzi unaofuata.

Wengine watasema: karatasi haifanyi kitu, tuingie barabarani. Barabara haitakimbia, na haki ya kuandamana pia imo ndani ya Katiba. Lakini ukiingia barabarani bila swali lililoandikwa, watakujibu kwa gesi ya machozi na hakuna mtu atakumbuka ulikuwa unaomba nini. Ukiingia baada ya miezi 3 ya ukimya, na nakala ya barua yenye muhuri wa mapokezi iko mkononi mwako, ni wao wanaopaswa kujieleza.

Kwa hiyo tugawane kazi kabla ya kutoka hapa. Kila komini ichague watu watano. Wawili wapite sokoni kusikiliza mama zetu, bila haraka, bila kupiga picha za kujionyesha. Mama akikataa kuweka sahihi, muheshimu uoga wake, ana watoto wa kulisha. Wawili waende byuro ya komini kuuliza kikao cha baraza ni lini, na waombe kuingia. Wakiambiwa kikao ni cha siri, waombe sababu kwa maandishi. Wa tano aandike barua, apeleke nakala mbili, na asitoke pale bila muhuri juu ya nakala yake. Wandugu wa Alunguli, nyinyi musisubiri sisi tuvuke. Komini yenu iko na baraza lake, anzeni huko.

Hatuna kazi, ni kweli. Lakini tunajua kusoma sheria, tunajua kupiga hesabu, na tuko na muda. Mama aliyeuza sombe ili sisi tulipe minervali ya universite hana muda huo. Deni hilo tuanze kulilipa sasa, kwa maswali manne na muhuri mmoja.