Barua ya Kocha Si Karo

(Hotuba kwa wazazi na vijana wa timu zetu za mpira wa vikapu)

 

Tumewaita kwa sababu ya barua zinazotoka vyuo vidogo vya Marekani. Barua yasema kijana anatakiwa katika timu. Kijana anaruka kwa furaha, mzazi anaanza kutafuta mnunuzi wa shamba. Ngojeni kwanza! Kutakiwa katika timu si kulipiwa karo.

Hebu tueleze. Chama kikubwa cha michezo ya vyuo huko, NCAA, kina madaraja matatu. La kwanza na la pili huruhusiwa kutoa basari za michezo. Katika daraja la pili, timu ya mpira wa vikapu haipiti basari kamili 10, nazo zaweza kukatwakatwa: huyu nusu, yule robo. Daraja la tatu halitoi basari ya michezo hata moja. Kijana aweza kusaidiwa kwa masomo mazuri au kwa uhitaji wa nyumbani, lakini kwa mpira, hapana.

Sasa mtauliza, mbona kocha anaandika? Piga hesabu. Vyuo vidogo vingi huishi kwa karo. Uwanjani huingia watano tu, lakini orodha ya timu yaweza kufika 15 au 20, na wengine wana timu ya pili. Karibu kila mmoja analeta karo. Wafanyakazi nao ni wachache: kocha na msaidizi mmoja au wawili. Huyo anayefundisha ndiye anayetafuta wanafunzi wapya. Si mwizi, anafanya kazi yake. Nasi tufanye yetu.

Tena mambo hubadilika. Chuo Kikuu cha Saint Francis, cha Kikatoliki, huko Pennsylvania, kilikuwa daraja la kwanza. Machi 2025 timu yake ya wanaume ilicheza mashindano ya taifa, ikashindwa na Alabama State 70 kwa 68. Wiki moja baadaye chuo kikatangaza kuhamia daraja la tatu, kuanzia msimu wa 2026-27. Mwaka huo huo vyuo vya daraja la kwanza viliruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Chuo kidogo kitashindana vipi na matajiri?

Basi kabla ya harambee, tuulize haya, na majibu yaje kwa maandishi:

1. Chuo kiko daraja gani?
2. Karo, chakula na malazi ni dola ngapi kwa mwaka, na sisi tutalipa ngapi?
3. Msaada ni wa mwaka mmoja au hadi amalize?
4. Akiumia goti, au kocha akiondoka, msaada unabaki?
5. Wako wachezaji wangapi katika orodha?

Msitegemee kwamba atafanya kazi alipe. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kupita saa 20 kwa wiki chuoni wakati wa masomo. Na kabla ya viza, lazima aonyeshe fedha za mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili je? Shamba litakuwa limekwisha uzwa.

Hatuwakatazi vijana kwenda. Wako waliokwenda wakasoma, wakarudi na digrii. Lakini kuuliza si ujinga. Mwenye barua ailete kwa kamati tuisome pamoja, kabla hajatia sahihi.