Ghala Lililo Ndani ya Ini



Asubuhi moja ndani ya daladala nilimwona mzee aliyevaa nadhifu akiyumba kitini, jasho likimtiririka, maneno yakimtoka ovyo. Konda akasema, "Mzee kashaanza mapema leo!" Abiria tukacheka. Nasema tukacheka kwa kuwa nami nilikuwamo. Mama mmoja, ambaye mumewe ana kisukari, ndiye aliyemsogelea, akaona hanuki pombe. Akanunua soda dirishani, akamnywesha kidogo kidogo. Baada ya robo saa hivi mzee akauliza tumefika wapi. Kumbe alikuwa amejidunga insulini alfajiri, akatoka bila kula ili awahi foleni ya pensheni.

Wengi wetu tunajua kuwa kisukari ni sukari kuzidi. Iweje basi mgonjwa wa sukari aanguke kwa kukosa sukari? Jibu limo katika ini.

Damu yote ya mtu mzima mwenye afya ambaye hajala ina glukosi ya gramu 4 au 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake hutumia kiasi cha gramu 5 kila saa. Kwa hesabu hiyo tusingeamka asubuhi, kama pasingekuwa na ghala. Tukila, sukari hupanda, kongosho humwaga insulini, na ini huiunganisha glukosi katika minyororo iitwayo glikojeni. Ini la mtu aliyeshiba laweza kuhifadhi kama gramu 100. Misuli huhifadhi nyingi zaidi, lakini misuli ni bahili: haina kimeng'enya cha kuirudisha glukosi katika damu, hivyo hula peke yake. Usiku, sukari inapoanza kushuka, insulini hupungua na kongosho hilohilo hutoa homoni nyingine, glukagoni, inayoliamuru ini lifungue ghala. Pasipo chakula akiba hiyo huisha kwa muda wa siku moja hivi, na ini huzidi kutegemea glukosi mpya linayoitengeneza lenyewe.

Haya tunayajua kwa jitihada za Mfaransa Claude Bernard. Mwaka 1855 alieleza jinsi alivyopitisha maji ndani ya ini la mbwa mpaka sukari yote ikatoka, akaliweka kando. Kesho yake akaikuta sukari imo tena! Mwaka 1857 akaitenga glikojeni yenyewe.

Turudi kwa mzee wetu. Insulini ya kongosho hupungua sukari ishukapo. Insulini ya sindano haijui kama umekula au hukula. Ikishaingia chini ya ngozi hufanya kazi mpaka iishe nguvu. Hulifunga ghala huku misuli ikiendelea kuchota. Baadhi ya vidonge vya kisukari, kama glibenklamidi, navyo huweza kuleta balaa hilo. Lile jasho, kule kutetemeka na moyo kwenda mbio ni adrenalini inayogonga mlango wa ghala. Pombe nayo hulizuia ini kutengeneza glukosi mpya, kwa hiyo hata anayenuka pombe kweli huenda sukari yake imeshuka, tena vibaya zaidi.

Anayeweza kumeza apewe soda yenye sukari, si ile isiyo na sukari, au vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari katika maji. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, arudiwe. Akizinduka ale chakula cha kushibisha. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali akapewe glukosi kwa mshipa au sindano ya glukagoni.

Mzee aliposhuka, konda alimrudishia nauli yake. Mimi nilitazama nje ya dirisha.