Njia ya Juu Jozani

Ukifika msitu wa Jozani kule Unguja, usiangalie chini. Inua shingo. Huko juu matawi yamekumbatiana mpaka jua linapenya kwa vijitundu, na ndipo anapopita kima punju: mgongo mwekundu, tumbo jeupe, nywele timtimu kichwani. Kwa asili haishi popote duniani ila Zanzibar.

Kidole gumba hana; mkono wake ni kama kulabu. Tumbo lake lina vyumba, majani huchachukia humo polepole. Embe bivu, ambalo mimi na wewe tungeligombania, yeye halitaki. Anapenda majani machanga ya mwembe na mkungu, na yakimsumbua tumboni ana dawa yake: mkaa! Hushuka akaokota vipande palipochomwa tanuri, akatafuna.

Na mkaa huo huo ndio unaomvunjia nyumba. Mti ukikatwa, njia ya juu imekatika, naye hana budi kushuka. Pale Jozani barabara ya lami inapita msituni. Wengi waligongwa hadi yalipowekwa matuta, vifo vikapungua. Wakulima wanamlaumu kwa kula vidaka vya minazi, ingawa wataalamu waliohesabu miaka ya 1990 hawakuona mavuno yakishuka.

Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004. Lakini gunia la mkaa halina cheti cha kuzaliwa, na huku mjini sijamsikia bado mnunuzi akiuliza mti wake ulikatwa wapi. Tunauliza bei tu.