Feni Inayovuma: Kupima na Kurekebisha Kasi ya Prosesa katika Linux



Yeyote aliyewahi kurekodi sauti nyumbani anamfahamu adui mmoja: feni ya kompyuta. Jioni moja nilikuwa nikisoma taarifa mbele ya kipaza sauti. Nilipofika katikati, feni ikaanza kuvuma kama upepo wa kusi, na rekodi yote ikaharibika. Fikra yangu ya kwanza ilikuwa kuilazimisha prosesa iende polepole. Nashukuru kwamba nilianza kwa kupima.

Kompyuta yangu ya mezani inatumia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Toleo lake la 2.6, lililotoka Desemba 2003, lilikuwa na uwezo wa kubadili kasi ya prosesa huku kazi ikiendelea. Kuitazama kasi hiyo si vigumu. Fungua dirisha la amri, kisha uandike:

watch -n 1 "grep MHz /proc/cpuinfo"

Kila sekunde utaona kasi ya kila kiini cha prosesa kwa megahezi. Amri nyingine, sensors, huonyesha joto, iwapo programu yake imewekwa. Kwangu kasi ilizidi megahezi 3,000 ilhali sikuwa nikifanya lolote. Amri ya tatu, top, ikamfichua mkosaji: ukurasa wa intaneti niliousahau wazi tangu asubuhi. Nilipoufunga, kasi ilishuka hadi megahezi 800, na baada ya dakika chache feni ikanyamaza.

Hata hivyo, kuna kazi halali zinazoipasha prosesa moto, kama vile kusafisha sauti ya mahojiano marefu. Hapo ndipo marekebisho yanapohitajika. Linux imemkabidhi kasi msimamizi aitwaye gavana. Gavana wa performance hupendelea kasi ya juu kabisa. Gavana wa schedutil, aliyeingia mwaka 2016, huipandisha na kuishusha kasi kwa kadiri ya kazi iliyopo. Gavana wa powersave kwa kawaida hubakia kwenye kasi ya chini, lakini jina lake lisikuhadae: katika prosesa nyingi za Intel za miaka ya karibuni, zinazotumia kiendeshi cha intel_pstate, naye huipandisha kasi kazi inapozidi.

Mimi nilichagua njia ya kati, nikaweka kikomo cha juu:

sudo cpupower frequency-set -u 2GHz

Faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Umeme unaotumika katika kazi hutegemea kasi, na pia kipeo cha pili cha volti. Kasi inaposhuka, volti nayo inaweza kushushwa. Vyote viwili vikipungua kwa asilimia 20, matumizi hayo hushuka hadi karibu nusu, na joto hupungua pamoja nayo. Kurekodi sauti ya mtu mmoja hakuhitaji nguvu nyingi, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Kusafisha mahojiano ndiko huchukua muda zaidi. Lakini kawia ufike.

Mambo mawili ya kukumbuka. Kikomo hicho hufutika kompyuta inapozimwa na kuwashwa upya, kwa hiyo ukikosea hutadhurika. Na iwapo joto halishuki hata prosesa ikiwa imetulia, zima kompyuta, uchomoe waya wa umeme, ufungue kasha na kupangusa vumbi lililoziba matundu ya hewa. Prosesa iliyopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mwenyewe hudhani kwamba imezeeka.

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla hujaitupa kompyuta yako na kununua nyingine, ipime kwanza. Yamkini haina ugonjwa wowote. Imebebeshwa tu mzigo usioujua.

Taarifa yangu niliirekodi upya usiku uleule, na safari hii ilisikika sauti yangu peke yake. Hadi wakati mwingine, kwaheri.