Omu Kwanza, Wati Baadaye: Kuoanisha Amplifaya, Spika na Sabufa

Mada kwa mafundi redio na umeme wa magari, Sanya Juu



Noah inayopakia Boma ya Ng'ombe kuja huku inagombea abiria kwa muziki pia. Kondakta analijua hilo, ndiyo maana anashuka Moshi mjini, anarudi na boksi lililoandikwa wati 3,000 na kutaka lifungwe leo leo. Hoja yangu ni moja: namba hiyo ya boksini ndiyo ya mwisho kuangaliwa. Tuanze na omu za spika, kisha umeme ambao gari linaweza kutoa.

Chukueni redio yenyewe. Usoni imeandikwa 50 x 4. Injini ikiwa inaunguruma, umeme uko kwenye volti 14.4 hivi. Zidisha 14.4 kwa 14.4, unapata 207. Gawa kwa 8, yaani omu 4 za spika mara mbili: wati 26, na hapo hatujatoa kinachopotea ndani ya redio. Zile 50 ni za sauti iliyokwishaharibika. Amplifaya ya nje inavuka kikomo hicho kwa sababu ina transfoma ya kupandisha volti. Kwa hiyo tafuteni herufi RMS, na kando yake muone wati hizo zimepimwa kwa omu ngapi.

Balaa kubwa liko kwenye sabufa. Tuseme ina koili mbili za omu 4 kila moja. (Mita ikisoma 3.5 hivi msishtuke, koili ni nzima.) Zikifungwa sambamba ni omu 2, zikifungwa mfululizo ni 8. Ukiwa na sabufa mbili za aina hiyo, koili zote nne sambamba zinakupa omu 1. Koili za kila sabufa mfululizo, halafu sabufa zenyewe sambamba, zinakupa 4. Omu 2 hapo haipatikani kwa kuzigawia koili zote mzigo sawa. Mteja mwenye amplifaya inayoishia omu 2 akileta sabufa hizo mbili, mfungieni 4 na mumwambie ukweli kwamba wati zitapungua. Ukimpa omu 1 ili besi itikise vioo, taa nyekundu itawaka, au transista zitaungua kabla gari halijafika Boma. Na kwenye briji kila chaneli inabeba nusu ya omu: sabufa ya 4 inahesabika 2.

Sasa umeme. Amplifaya ya klasi D ya wati 500 RMS, yenye ufanisi wa asilimia 80, inavuta wati 625. Kwa volti 13.8 ni ampea 45. Ya klasi AB, nusu ikiishia kwenye joto, inavuta ampea 72. Alteneta ya ampea 80 itabakiza nini kwa taa, feni na kuchaji betri? Tena stendi, ambako muziki ndiko unakofunguliwa zaidi, injini inazunguka polepole na alteneta haitoi ampea zake zote.

Waya ukwangueni kwa kisu kabla ya kununua. Ukionekana mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, basi chukueni mnene zaidi. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, maana kazi yake ni kulinda waya.

Geini nayo si sauti. Chomoa spika, zima besi busti, cheza toni ya hezi 50 huku redio ikiwa kwenye robo tatu ya sauti, kisha pima volti za kutokea. Kwa wati 500 kwenye omu 2, zidisha upate 1,000. Kipeuo chake ni 31.6. Mita ikifika hapo, acha. Spika za milango fanyeni vivyo hivyo kwa toni ya hezi 1,000, halafu zikatieni besi chini ya hezi 80, sabufa ichukue iliyobaki.

Mwisho, rudisheni spika, fungulieni muziki injini ikiwa inaunguruma, na mpime volti kwenye betri, kisha kwenye amplifaya. Tofauti ikizidi nusu volti, anzeni kutafuta kwenye ethi: rangi ya bodi haijakwanguliwa, au boliti imelegea.